Mwanya wa Tusekile

Subilaga alicheka mdomo ukiwa umejaa kiazi, na mama yake, Atuganile, akamwaga chai.

Si kwamba kicheko chenyewe kilikuwa cha ajabu. Msichana wa miaka kumi na saba hucheka hata mlango ukilia. Alikuwa anasimulia jinsi mwalimu wao wa fizikia alivyonasa kwenye kiti mbele ya darasa zima, na alipofika pale mwalimu alipojaribu kuinuka kwa heshima zake zote huku kiti kikimfuata nyuma, akashindwa kumaliza. Akarusha kichwa nyuma, akacheka. Na katikati ya meno yake mawili ya mbele, ya juu, pale ambapo Atuganile mwenyewe alipafunga kwa mikono yake, palikuwa na mwanya.

Ulikuwa mdogo, unene wa ukucha au pungufu. Chai ilikuwa inatiririka mezani kuelekea kwenye viazi, lakini Atuganile hakuinuka kuifuta. Alikuwa anamtazama mama yake mzazi, Tusekile, ambaye hakuwahi kumwona tena tangu yeye Atuganile yuko darasa la tatu.

"Mama! Chai!" Subilaga alinyakua kitambaa, akaanza kufuta. "Samahani, sikukusudia kukushtua."

Hapo ndipo Atuganile alipokaribia kulia. Kila 's' ilitoka na mluzi mdogo, mwembamba, wa hewa inayopita kati ya meno. Samahani. Sikukusudia. Mama yake alikuwa akisema hivyo hivyo. Alikuwa akiita watoto kutoka shambani, na jina lake mwenyewe alipolitaja kwa wageni, Tusekile, yaani tumefurahi, lilitoka na mluzi katikati, na wanaume wa zamani walisema mwanamke asiye na mwanya hajakamilika kuumbwa.

"Fungua mdomo," alisema. Ilikuwa sauti ya kazini, na Subilaga akatii. Atuganile aliingiza kidole nyuma ya meno ya mbele, akaugusa waya wa kuyashikilia. Upande mmoja ulikuwa bado umeshika. Upande wa pili ulikuwa umebanduka, ncha inaning'inia.

"Tangu lini?"

"Tangu kipindi cha miwa."

"Subi! Kipindi cha miwa si kimekwisha zamani?"

"Niliona aibu. Mtoto wa daktari wa meno, waya umeng'oka kwa muwa! Wangenitania shule nzima." Akaacha kufuta meza. "Utanirekebishia, si ndiyo? Mtihani wa waokoaji ni mwezi ujao, mama. Wanapima mpaka pumzi."

"Nitakurekebishia."

"Leo?"

"Kesho," alisema Atuganile, na hakujua kwa nini amesema kesho. Au tuseme alijua, ila hakutaka kujisikia akijua.

*

Walitoka pamoja, mama akielekea kliniki na binti shuleni. Walikuwa wamefika kwenye kona ya soko la ndizi honi ya majaribio ilipolia. Hakuna aliyekimbia. Watu wa Isuba walishazoea. Muuza mkaa alitua gunia, mama mmoja akamshusha mtoto mgongoni na kumvika mfuko wake wa hewa, na wengine wote wakanyoosha mkono kwenye mlingoti wa karibu, wakachomoa kidomo, wakakiuma.

Vidomo vilining'inia kila mlingoti, kila mlango wa duka, kila ukingo wa kitanda hospitalini. Vyote vilikuwa vya umbo moja: kipande cha raba ngumu chenye mfereji wa meno, na mbele yake kichupa cha hewa ya kumtosha mtu kupanda mpaka palipoinuka. Hapo mwanzo, hewa nzito ilipoanza kutoka ardhini chini ya mlima na kutambaa mabondeni kama maji, bila rangi wala harufu, kila mkazi alikuwa na kidomo chake kilichochongwa kwa kinywa chake. Watu wakafa wakitafuta vya kwao. Baba aliuma cha mtoto, mtoto akauma cha bibi, hewa ikapita pembeni, wakalala wote. Ndipo wakubwa wa mji walipokaa na kuamua jambo ambalo wageni wakilisikia mpaka leo hudhani wanataniwa: badala ya kuchonga vidomo vilingane na vinywa, vinywa vichongwe vilingane na vidomo. Na kwa kuwa mtu akizirai midomo hulegea, ila meno hayalegei, kidomo kikatengenezwa cha kuzibwa kwa meno. Kila mtoto wa Isuba akifika miaka kumi na miwili alinyooshwa meno kwa kipimo kile kile, kisha akagandishiwa waya nyuma ya meno ya mbele, wa kubaki nao maisha.

Kidomo kikikaa sawasawa, kitone cha taa kilichopo mbele huwaka kijani. Barabara nzima ilijaa vitone vya kijani. Cha Subilaga kiliwaka njano.

Alikishindilia kwa kiganja. Bado njano. Akabana mdomo wa juu kwa vidole viwili, kikawa kijani, akamkonyeza mama yake juu ya raba.

Honi ilinyamaza. Kila mtu akarudisha kidomo kwenye sanduku la mvuke wa kuvisafisha chini ya mlingoti, maisha yakaendelea, muuza mkaa akabeba gunia lake. Atuganile alijiambia kwamba leo leo, mtoto akitoka shule, waya unarudi mahali pake. Alijiambia hivyo mpaka jioni. Jioni Subilaga akaingia akiimba wimbo wa shule wenye maneno mengi ya 's', na mama yake akamwambia gundi imekwisha kliniki.

*

Gundi haikuwa imekwisha.

Mtu akitaka kumhukumu Atuganile, angalau ajue alichokuwa nacho cha kumkumbuka mama yake. Alikuwa na picha moja, ya kitambulisho, ambamo mpiga picha alikuwa amemwambia Tusekile afunge mdomo, naye akaufunga, akatazama mbele kama mshtakiwa. Basi. Hewa nzito iliposhuka mara ya kwanza, kabla ya vidomo, kabla hata ya mtu kujua iitweje, ilimkuta Tusekile katika shamba la viazi bondeni, na nyumba yao iliyokuwa chini zaidi ikafungwa pamoja na kila kilichokuwemo. Kwa miaka mingi Atuganile alijaribu kukumbuka uso ule ukicheka. Mwanzoni uliweza kuja. Baadaye ulikuja nusu. Mwishoni alikuwa akikumbuka tu kwamba aliwahi kuukumbuka, na hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Sasa ulikuwa unakula naye kifungua kinywa.

Alianza kuwa mchekeshaji, yeye ambaye wauguzi wa kliniki walimwita Bi. Ganzi kwa ukavu wake. Alirudi nyumbani na vituko: mgonjwa aliyemuuma kidole akaomba msamaha kwa kidole, mzee aliyeficha meno ya bandia ya mkewe ili asitukanwe asubuhi. Vingine alivitunga. Subilaga alicheka, na mama yake akakaa upande ule wa meza ambako mwanga wa dirisha ulimwangukia binti usoni. Wakati mwingine alimuuliza maswali ya kipuuzi ili tu amsikie akisema sasa, sijui, sitaki, sawasawa.

Akaanza pia kumwita mama. Huko nyumbani kwetu si ajabu mzazi kumwita binti yake mama, ni neno la kubembeleza tu, watu huliokota na kulitupa siku nzima. Lakini Atuganile hakuwa na mazoea hayo. Siku zote alimwita Subi, au akiwa na hasira, Subilaga wewe. Sasa ikawa mama umekula, mama njoo ukae hapa, mama hebu nisimulie tena ile ya kiti. Subilaga alichangamka kama mmea uliomwagiwa maji. Akaacha kujifungia chumbani. Siku moja alijilaza mapajani pa mama yake, jambo ambalo hakulifanya tangu ana miaka saba, akasinzia mdomo wazi, na Atuganile akakaa pale mguu umekufa ganzi, hataki kusogea.

*

Ilipobaki wiki moja kabla ya mtihani, Subilaga alikuja kliniki mwenyewe, akapanda kwenye kiti bila kuambiwa.

"Leo sitoki," alisema. "Hata kama gundi imekwisha, utanigandisha kwa uji."

Atuganile alivaa glavu, akashusha taa. Sasa, kazi hii ina njia yake moja. Jino lililosogezwa halisahau lilikotoka. Limeshikwa kwenye fizi na nyuzi ndogo ndogo, na nyuzi hizo zikivutwa hunyumbuka lakini hazikubali. Hukaa zinavuta kurudi mwaka wa kwanza, wa kumi, wa thelathini. Ndiyo maana waya hauondolewi. Waya ukibanduka na mwanya ukafunguka, daktari hana ruhusa ya kuugandisha tena papo hapo. Kwanza huyavuta meno yakutane, kidogo kidogo, kwa koleo na uzi wa chuma, wiki tatu hivi. Yakishakutana ndipo waya unarudi. Kwa sababu waya hauna akili. Hauyajui meno mazuri na mabaya. Ukiugandisha juu ya meno yaliyokutana, utayashika yakiwa yamekutana, na ukiugandisha juu ya mwanya, utaulinda mwanya mpaka mwenye kinywa azikwe.

Wiki tatu hazikuwepo tena. Zilikuwa zimeliwa na vituko vya mezani. Njia iliyobaki ilikuwa kusema ukweli: mwanangu, nimekuchelewesha, mtihani utaufanya mwakani.

Atuganile alikausha meno kwa hewa. Akapaka gundi kwenye jino la kushoto, akapaka la kulia. Akaulaza waya kutoka moja hadi jingine, juu ya uwazi ule mdogo kama daraja, akawasha taa ya buluu. Gundi ikaganda. Alijiambia kwamba mtihani hufanywa katika chumba cha mvuke, mvuke wa maji tu, hakuna aliyewahi kufa humo, na mshale wa kipimo husamehe uvujaji mdogo. Alijiambia pia kwamba mtoto akishafaulu, ndipo atamvuta taratibu. Hili la pili hakuliamini hata wakati anajiambia.

Subilaga alipitisha ulimi. "Bado nasikia mwanya."

"Utajifunga wenyewe. Waya unavuta."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Akachukua mhuri, akagonga cheti: kinywa salama. Wakaguzi huangalia kama waya upo, na waya ulikuwepo, unang'aa.

*

Siku ya mtihani wazazi walialikwa kutazama. Waliosailiwa walikuwa kumi na wawili, wamevaa ovaroli za rangi ya chungwa, na mkuu wa waokoaji, Afande Ambokile, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliwapanga mstari nje ya jengo.

"Ndugu wazazi, chumba chetu cha mvuke kimeharibika," alitangaza. "Nimewaambia mafundi, wakaniambia Jumatatu. Mwaka gani, hawakusema." Watu wakacheka. "Kwa hiyo leo tunakwenda Shimo la Kunguru. Msiogope. Kamba ipo, daktari yupo, na mimi mwenyewe nipo, na mnaniona nilivyo, sipeperushwi na upepo."

Atuganile hakucheka. Shimo la Kunguru lilikuwa bonde dogo la mawe nyuma ya kambi, lenye hewa nzito kweli. Kunguru waliotua pale kunywa maji hawakuruka tena.

Walifika ukingoni. Afande alifunga mshumaa ndani ya kopo, akauwasha, akaushusha kwa uzi. Mwali ulishuka ukiwaka vizuri, ukafika usawa wa jiwe lililopakwa rangi nyeupe, ukazimika ghafla, wala haukutoa hata moshi wa kuaga. Chini ya jiwe lile hapakuwa na pumzi ya mtu. Mtahiniwa alitakiwa kushuka akiwa amefungwa kamba kiunoni, abebe gunia la mchanga lenye uzito wa mtoto, apande nalo. Gunia hubebwa kwa mikono miwili.

Mikono miwili. Atuganile alikumbuka vile vidole viwili vilivyobana mdomo pale sokoni.

Wa kwanza alishuka akapanda. Wa pili alijikwaa, akapanda. Subilaga akaitwa.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Afande alikuwa amesimama hatua chache tu. Ilitosha kumgusa bega na kumwambia, huyu hapana, kinywa chake hakizibi, mimi ndiye niliyegonga mhuri. Atuganile alipiga hatua. Subilaga, kidomo mkononi, akageuka kumtafuta katika kundi la wazazi, akamwona, akatabasamu kwa meno yote, na mwanya ule ukawa pale, juani. Tusekile akiwa na umri wa msichana, kabla ya viazi, kabla ya bonde, mzima. Atuganile akasahau kupiga hatua ya pili. Ilikuwa muda mfupi sana, muda wa kumtazama mtu tu. Ukaisha, na Subilaga akauma kidomo, akafunika mdomo wa juu kwa kidole gumba mpaka taa ikawa kijani, akashuka.

Alipita jiwe jeupe. Akafika chini. Akainama, akaondoa mkono mdomoni, akakumbatia gunia.

Kutoka juu taa ya kidomo ilionekana ndogo kama punje ya mtama. Ikawa njano.

Alipiga hatua mbili akipanda. Ya tatu ikaenda pembeni, kama ya mlevi. Hakuachia gunia, mtoto mkaidi yule, alilikumbatia zaidi.

"Mvuteni!" Atuganile alipiga kelele ambayo hakujua anayo. "Mvuteni! Kinavuja! Mvuteni mwanangu!"

Afande hakuuliza. Alishika kamba pamoja na wenzake wawili, wakavuta, gunia likaanguka, na Subilaga akaja juu akiburuta magoti kwenye mawe, macho yamegeuka. Walimlaza majanini. Daktari wa kambi akamwekea hewa. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda. Akakohoa, akatapika, akafumbua macho.

"Soda," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mdomoni... kama soda."

"Ndiyo ladha ya hewa nzito," alisema Afande Ambokile. Alikuwa amepiga magoti, jasho linamtoka, utani umemwisha. Baadaye, rangi ilipomrudia msichana, alikagua kidomo, hakikuwa na kasoro. Akakagua cheti. Akapumua. "Binti, cheti chako safi, kidomo kizima. Ni woga. Ukiogopa unahema ovyo, meno yanaachia, hewa inaingia. Si dhambi. Lakini kwa kazi hii haifai."

Subilaga hakubisha. Aligeuza uso upande wa majani, mabega yakaanza kutikisika.

*

Walirudi nyumbani mchana, jua linawaka, majirani wanaanika maharage. Subilaga alikaa kwenye ngazi ya mlango na ovaroli yake, magoti yamefungwa bandeji.

"Sikujua kama mimi ni mwoga," alisema. "Pale chini nilijiona nimetulia kabisa, mama. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Kumbe mtu anaweza kuwa mwoga na asijue."

Atuganile alikuwa amesimama nyuma yake. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu duniani aliyejua, wala angejua. Cheti kilikuwa safi na Afande alishatoa hukumu. Mtoto angekuwa mwoga maisha yake yote, angetafuta kazi ya dukani, na mwanya ungebaki mezani kila asubuhi. Alikiri nafsini mwake kwamba alilifikiria hilo, hata kwa kitambo.

"Hukuogopa," alisema. Akashuka, akaketi ngazi ya chini ili asiwe juu yake. "Kinywa chako hakizibi. Nililijua hilo. Waya niliugandisha juu ya mwanya makusudi, usifungike. Gundi haikuwahi kuisha."

Subilaga alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni.

"Kwa nini?"

"Ukicheka unafanana na bibi yako. Sina picha yake akicheka. Nilikuwa nimeshamsahau, Subi. Nikamwona."

Jirani alipita na ungo, akawasalimia, wakaitikia wote wawili kwa pamoja kama watu wasio na neno. Alipopita, Subilaga alirekebisha bandeji ya goti lake. Atuganile alijiandaa kwa matusi, kwa kilio, kwa mlango kubamizwa. Angependa hayo.

"Vile vituko," alisema Subilaga hatimaye. "Vya mgonjwa na kidole. Ulikuwa unamchekesha nani?"

Atuganile alimtazama jirani akipinda kona na ungo wake.

"Na kuniita mama. Nilidhani unanibembeleza. Nilimwambia mpaka rafiki yangu, mama yangu siku hizi ananipenda." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kumbe ulikuwa unamwita."

Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

*

Kesho yake Atuganile alikwenda kambini na mhuri wake mkononi, akamweleza Afande Ambokile kila kitu akiwa amesimama. Afande alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na watoto wanne, na watu wawili wa ukoo wake walikuwa bado chini ya bonde lile lililofungwa.

"Binti atarudia mtihani mwakani, nitaandika kwamba hakuwa na kosa," alisema. "Wewe mhuri utaurudisha. Lakini kwanza maliza kinywa cha mwanao. Simwamini mwingine kuifanya kazi hiyo vizuri, na sijui kama hilo ni sifa au laana."

Kwa hiyo Subilaga alipanda tena kwenye kiti. Atuganile aliukata waya ule wa uongo, akaung'arisha mgongo wa meno mpaka gundi yote ikatoka, akafunga uzi wa chuma kuzunguka meno mawili. Kila siku ya tatu alikaza nusu mzunguko kwa koleo. Binti alifungua mdomo alipoambiwa afungue, akafunga alipoambiwa afunge. Nyumbani alisema ndiyo na hapana, maneno ambayo hayana mluzi. Alicheka na wenzake barabarani, Atuganile alimsikia, lakini akikaribia mlango alifunika mdomo kwa kiganja. Viazi vililiwa kimya. Mama hakutunga vituko tena. Alijifunza kumtazama mtoto akiwa amefunga mdomo, akaona kwamba ana kovu dogo kwenye nyusi ambalo hajui lilitoka wapi, na kwamba akifikiri hukunja pua. Mambo hayo hayakuwa ya Tusekile. Yalikuwepo siku zote na hakuna aliyeyaangalia.

Alilia kidogo kila baada ya kukaza, chooni, bomba likiwa wazi. Tuseme lililo kweli: alilia kwa ajili ya mtoto, na akalia kwa ajili ya mama yake, na hakuweza kutenganisha machozi yapi ni ya nani.

Siku ya mwisho ilifika. Mwanya ulikuwa umebaki upana wa unywele. Atuganile alishusha taa, akashika koleo, akaanza kuzungusha, na Subilaga akainua mkono.

Mgonjwa akiinua mkono daktari huacha. Atuganile aliacha, akatoa koleo mdomoni. Alitumaini. Hata baada ya Shimo la Kunguru, hata baada ya ngazi ile, kuna kitu ndani yake kilisimama wima kikatumaini kwamba mtoto atasema basi, uache.

"Alikuwa akicheka nini, bibi?" aliuliza Subilaga.

"Kila kitu. Kuku. Mvua. Mimi nikianguka."

"Ulikuwa unaanguka sana?"

"Sana. Nilikuwa nakimbia huku natazama nyuma kama anakuja."

Subilaga alitazama dari. Kisha akajiinua kwenye kiti, akageuka kumwelekea mama yake uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Muage," alisema.

Akatabasamu. Halikuwa tabasamu la furaha, macho yalikuwa yamejaa maji, lakini alilifungua lote, meno yote, akalishikilia pale chini ya taa bila kupepesa. Atuganile alitazama. Alitazama mashavu yalivyopanda, na pembe za mdomo, na ule uwazi mwembamba katikati, mpaka hakuona tena vizuri kwa machozi, akayafuta kwa mkono wa koti akatazama tena.

"Umemaliza?"

"Bado."

Subilaga akaendelea kulishikilia. Mashavu yakaanza kumtetemeka kwa uchovu, na hakulishusha, mpaka mama yake mwenyewe alipoinua koleo.

Ndipo alipolala tena kwenye kiti, akafungua mdomo.

"Kaza, mama."

Akakaza.